Kutabiri kumetameta kwa mawimbi ya setilaiti Pwani ya Afrika Mashariki: mwongozo kamili

Simu ya setilaiti iliyofanya kazi vizuri kutwa nzima inaanza kukata maneno saa 2 usiku, saa 3 inapoteza mtandao kabisa, na baada ya saa 6 inarudi kama kawaida bila mtu kuigusa. Fundi akija asubuhi hakuti kosa. Anabadilisha waya wa antena, analipwa, na usiku unaofuata mambo ni yaleyale.

Hali hii ni ya kawaida kuanzia Lamu hadi Dar es Salaam, na inatabirika. Wengi wanashindwa kuitabiri kwa sababu wanaangalia kipimo kisichohusika. Wanafungua taarifa za dhoruba za Jua, wanaona fahirisi ya Kp (kipimo cha dhoruba za sumaku ya dunia, kuanzia 0 hadi 9) iko 2, wanalala wakijua mambo ni shwari. Kwetu sisi usiku mbaya kabisa unaweza kuja siku ambayo Kp ni 1. Kwa hiyo utabiri wa huku unaanza na kalenda na saa ya machweo, na dhoruba inafuata nyuma. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu anayesimamia mawasiliano ya meli, kituo cha uokoaji, shirika la misaada au kazi ya upimaji, anayetaka kutoa utabiri wake mwenyewe kila jioni kwa kutumia data za bure.

Kwanza, jua unachokitabiri

Ionosfia ni sehemu ya anga la juu ambamo mwanga mkali wa Jua umezing'oa elektroni kutoka kwenye atomi. Sehemu yake nzito zaidi iko kati ya kilomita 300 na 400 juu yetu, na kila wimbi linalotoka kwenye setilaiti ya mawasiliano lazima lipite humo.

Ikweta ya sumaku ya dunia haifuatani na ikweta ya kwenye ramani. Katika longitudo zetu inapita juu ya Ethiopia, karibu nyuzi 9 kaskazini. Mchana, nguvu ya umeme iliyomo angani huzipandisha elektroni juu ya ikweta hiyo, kisha zinateremka kaskazini na kusini zikifuata mistari ya sumaku, na kurundikana kiasi cha nyuzi 15 kila upande. Rundo la kusini linaangukia juu ya Kenya na Tanzania, Pwani yetu ikiwemo. Ndiyo maana tunaumia: elektroni zinazidi juu yetu kuliko juu ya ikweta ya sumaku yenyewe.

Jua linapozama, sehemu ya chini ya ionosfia inafutika haraka, huku ya juu ikibaki nzito. Papo hapo ile nguvu ya umeme inatoa msukumo wa mwisho wa kwenda juu kabla ya kugeuka na kuelekea chini usiku. Kizito kikiwa juu ya chepesi, chepesi hupenya. Hutokea viputo vikubwa vyenye elektroni chache, vinavyopanda mamia ya kilomita na kunyooka kaskazini na kusini kwenye mistari ya sumaku. Kandokando na ndani yake kuna vurugu za ukubwa wa mita mia kadhaa. Wimbi la setilaiti likipita hapo linatawanyika, na nguvu yake inapofika ardhini inapanda na kushuka, inametameta kama nyota. Booker na Wells waliiona ionosfia ikivurugika hivi mwaka 1938 kwa redio ya kupima anga huko Huancayo, Peru, kabla setilaiti yoyote haijarushwa.

Kuna hesabu moja ya kuweka kichwani. Kwa kuwa mistari ya sumaku imepinda, kiputo lazima kipande hadi karibu kilomita 650 juu ya Ethiopia ndipo ncha yake ifike juu ya Malindi. Ili ifike Dar es Salaam, kinahitaji karibu kilomita 900. Usiku ambao msukumo wa machweo ni wa wastani, Lamu inaweza kusumbuka na Dar ikawa salama. Ukiona utabiri mmoja uliotolewa kwa "Afrika Mashariki" yote, usiutumie kama ulivyo.

Hatua ya 1: Angalia masafa ya kifaa chako

Hapa unaweza kujiokolea kazi yote iliyobaki. Kumetameta hupungua haraka masafa yanapopanda, takribani kwa kipeo cha moja na nusu. Redio ya setilaiti ya 250 MHz huumia karibu mara 15 kuliko kifaa cha 1.5 GHz. Vifaa vya Inmarsat, Thuraya na Iridium pamoja na GPS viko kati ya 1.2 na 1.7 GHz, na hivi ndivyo vinavyosumbua watu wengi. Dishi la masafa ya Ku, yaani 12 GHz na kuendelea, halina shida hii kwa kipimo kinachoonekana.

Dishi la Ku likikatika jioni ya masika, laumu mvua. Simu ya 1.5 GHz ikikatika jioni hiyohiyo, usiilaumu mvua, kwa sababu haiyashiki masafa hayo kwa kiasi cha kukata mazungumzo. Nalikazia hili kwa kuwa msimu wa viputo na msimu wa mvua huingiliana mwezi Machi na Aprili, na watu wengi wameshajiridhisha kwamba ni mawingu.

Hatua ya 2: Fungua kalenda

Viputo hushamiri pale machweo yanapoangukia ncha zote mbili za mstari wa sumaku kwa wakati mmoja. Afrika Mashariki dira huelekea karibu kaskazini halisi, kwa hiyo jambo hilo hutokea miezi ambayo mchana na usiku vinalingana: Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba. Februari ya mwisho na Novemba ya mwanzo nazo zina usiku mbaya. Juni, Julai na Desemba kwa kawaida ni nafuu, ingawa bara letu lina viputo vingi vya Juni kuliko sehemu nyingine nyingi za dunia, kwa hiyo usiandike sifuri.

Upande wa saa, Mombasa jua huzama kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 45 jioni. Lakini kwenye urefu wa kilomita 350, Jua linaendelea kuonekana kwa zaidi ya saa moja baada ya kuzama ardhini. Kumetameta huanza mara nyingi kati ya saa 1 na nusu na saa 2 na nusu usiku, hukolea hadi saa 5, na hufifia baada ya saa 6 au 7. Andika saa hizo kwa UTC pia, yaani saa ya pamoja ya dunia, kwa kutoa 3 kwenye saa zetu za mtindo wa 24: saa 2 usiku ni 20:00 hapa, yaani 17:00 UTC. Data zote utakazosoma zinatumia UTC, na kosa la saa tatu linaharibu utabiri mzima.

Hatua ya 3: Soma F10.7

Hiki ni kipimo cha kelele ya redio ya Jua kwenye urefu wa wimbi wa sentimita 10.7, kinachochukuliwa Penticton, Kanada. Kinaonyesha kwa njia ya mkato Jua linazalisha elektroni kiasi gani angani. Jua likiwa limelala huwa karibu 70. Kwenye kilele cha mzunguko wa miaka 11 huvuka 150 na hata 200. Mzunguko wa 25 ulianza Desemba 2019 na ukafika awamu ya kilele mwaka 2024.

Kipimo rasmi cha siku huchukuliwa saa 20:00 UTC, ambayo kwetu ni saa 5 usiku. Kwa utabiri wa jioni, basi, tumia cha jana, na ukiweza chukua wastani wa siku tatu ili mruko wa siku moja usikupotoshe.

Unganisha na hatua ya 2 upate asilimia ya kuanzia. Mimi naanzia hivi kwa Mombasa na kifaa cha 1.5 GHz: msimu wa viputo na F10.7 zaidi ya 150, asilimia 70; msimu huohuo na F10.7 kati ya 100 na 150, asilimia 45. Chini ya 100, asilimia 20. Nje ya msimu, gawanya kwa tatu. Haya ni makadirio ya kukuanzisha tu, na hatua ya mwisho itayarekebisha. Kama jana usiku kulikuwa na kumetameta kukali, ongeza kidogo, maana usiku wa jana na wa leo mara nyingi hufanana.

Hatua ya 4: Dhoruba za sumaku, na saa zinapofika

Sasa ndipo Kp inapoingia, na inaingia kwa pande mbili zinazopingana. Watu wengi huongeza asilimia kila wakiona dhoruba. Wanakosea nusu ya wakati.

Dhoruba inapoanza, na uga wa sumaku unaokuja na upepo wa Jua ukielekea kusini kwa nguvu (kipimo cha Bz kikishuka chini ya −10 nT), nguvu ya umeme hupenya hadi ikweta ndani ya dakika chache. Ikifika wakati wa machweo yetu, yaani kati ya 15:00 na 17:00 UTC, huongeza ule msukumo wa juu, na viputo hupanda sana. Usiku wa namna hiyo hata Dar es Salaam isijidanganye, wala usitegemee kalenda.

Lakini kama dhoruba ilianza asubuhi au usiku uliopita, joto lililomwagika karibu na ncha za dunia limeshabadilisha pepo za anga la juu, na pepo hizo huzalisha nguvu ya umeme inayoukandamiza msukumo wa machweo. Usiku unakuwa mtulivu kuliko kawaida, ingawa viputo vinaweza kuzuka baada ya saa 6. Kwa hiyo swali la kuuliza ni *ilianza lini*, na Kp peke yake haikujibu.

Utaratibu wa kila siku: soma utabiri wa siku tatu wa kituo cha hali ya anga za juu cha NOAA (shirika la Marekani la bahari na angahewa) huko Boulder, Colorado, unaotoka saa 00:30 na 12:30 UTC. Ule wa 12:30 unakufikia saa 9 na nusu alasiri, wakati mzuri kabisa. Soma pia taarifa za kituo cha SANSA, shirika la anga za juu la Afrika Kusini, kilichoko Hermanus. Ukiona wingu la plazima (gesi yenye umeme) lililorushwa na Jua linaelekea kwetu, kumbuka linachukua siku moja hadi tatu njiani, na saa yake ya kufika hukosewa kwa saa nyingi. Uhakika unakuja tu linapopita vyombo vilivyo kilomita milioni 1.5 upande wa Jua, na hapo unabaki na dakika 15 hadi 60. Kwa hiyo kuanzia saa 11 jioni fungua grafu ya Bz na uiache wazi mbele yako.

Dhoruba ya Mei 2024, iliyofika daraja la G5, la juu kabisa, ni zoezi zuri. Ilianza kuigonga sumaku ya dunia muda mfupi baada ya 17:00 UTC tarehe 10 Mei, yaani baada kidogo ya saa 2 usiku kwetu, msukumo wa machweo ukiwa umeshapita Mombasa. Jiulize ungeandika nini saa 11 jioni, na ungerekebisha nini saa 2 na robo.

Milipuko ya mwanga kwenye Jua, ile ya daraja R, inaharibu redio za masafa mafupi upande wa mchana. Kwa kumetameta kwa usiku, ipite.

Hatua ya 5: Chora njia ya wimbi

Kiputo kikiwa juu ya nyumba yako hakikudhuru kama wimbi lako halipiti hapo. Tafuta pembe ya antena yako kutoka usawa wa ardhi na uelekeo wake. Kwa urefu wa kilomita 350, wimbi lenye pembe ya nyuzi 60 linapita ionosfia kilomita 190 hivi kutoka ulipo. Pembe ya nyuzi 30 inalipeleka zaidi ya kilomita 500. Mtu wa Tanga mwenye antena inayotazama kaskazini-magharibi kwa pembe ya chini anapaswa kutabiri anga la bara, si la Tanga. Weka alama kwenye ramani mara moja, na kwa setilaiti isiyosogea angani alama hiyo haibadiliki tena.

Hatua ya 6: Usiku ukiingia, tazama magharibi

Viputo vikishazaliwa husafiri kuelekea mashariki, mara nyingi kwa mita 100 kwa sekunde au zaidi kidogo mwanzoni mwa usiku, sawa na kilomita 360 kwa saa. Hili linakupa kitu ambacho hakuna modeli itakupa: onyo la kweli.

Mtandao wa kimataifa wa IGS, unaotoa data za GPS bure, umekuwa na vituo ambavyo, kwa bahati nzuri, vimejipanga magharibi hadi mashariki: MBAR huko Mbarara, Uganda, RCMN Nairobi, na MAL2 Malindi. Kutoka Nairobi hadi Malindi, ukipima mashariki tu, ni kama kilomita 365, yaani saa moja ya safari ya kiputo. Kutoka Mbarara ni karibu saa tatu. Viputo vingine huzaliwa njiani na vingine hufa, kwa hiyo saa moja inaaminika kuliko tatu.

Kama una vipokezi vya masafa mawili, vyako au vya jirani, unaweza kuhesabu mwenyewe ROTI, yaani kipimo cha jinsi wingi wa elektroni unavyorukaruka. Chukua tofauti ya fazi ya L1 na L2, masafa mawili ya GPS, kwa mita, izidishe kwa 9.52 upate TEC, yaani wingi wa elektroni njiani. Tafuta inabadilika kiasi gani kwa dakika, kila sekunde 30, kisha tafuta mchepuko sanifu wa mabadiliko hayo kwa kila dakika 5. ROTI ikivuka 0.5, kuna vurugu. Tupa setilaiti zilizo chini ya nyuzi 30, la sivyo majengo na mabati yatakudanganya. Kipimo cha S4 ni bora zaidi, kwa kuwa kinapima kupanda na kushuka kwa nguvu yenyewe, lakini kinahitaji kipokezi maalumu. Vipokezi vya aina hiyo vimewahi kufungwa Chuo Kikuu cha Nairobi, Maseno na Pwani, kwa hiyo uliza vyuo kabla ya kununua. S4 chini ya 0.3 ni dhaifu. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa ndege, katika taarifa zake za anga za juu kwa ndege, huhesabu 0.5 kuwa wastani na 0.8 kuwa kali.

Hatua ya 7: Thibitisha kwa simu yako

Huhitaji maabara. Programu yoyote ya simu inayoonyesha nguvu ya kila setilaiti ya GPS kwa dB-Hz inatosha. Iweke simu mahali wazi, chini ya mbingu, na usiiguse. Kabla ya machweo, setilaiti iliyo juu vizuri husoma, tuseme, 42 na kukaa hapohapo. Kiputo kikipita utaiona ikisoma 42, 38, 27, 40, 31, kila baada ya sekunde chache, huku setilaiti iliyo upande mwingine wa mbingu ikiwa imetulia kwenye 43. Baada ya nusu saa vurugu inahamia setilaiti ya mashariki zaidi.

Setilaiti zote zikishuka kwa pamoja, huo ni mwingilio wa redio karibu nawe, si ionosfia. Na kama setilaiti moja inasumbua kila usiku mahali palepale, ikitangulia dakika nne hivi kila siku, hilo ni wimbi linalodunda ukutani au kwenye bati: njia za GPS hujirudia namna hiyo, viputo havifanyi hivyo.

Hatua ya 8: Andika tangazo linalotumika

Saa 11 jioni toa sentensi tatu, zisizidi. Kwa mfano, jioni ya mwisho wa Machi, F10.7 ikiwa 165 na Bz imetulia: "Uwezekano wa asilimia 70 wa simu za setilaiti za 1.5 GHz kukatika kati ya saa 2 na saa 6 usiku, Lamu hadi Tanga. Dar es Salaam asilimia 50. Dishi la Ku halitaathirika." Nahodha anahitaji saa na kifaa, maelezo ya plazima mwachie mwenye hamu nayo.

Kisha mwambie la kufanya. Ripoti na faili kubwa zitumwe kabla ya saa 1 usiku. Upimaji wa GPS wa sentimita ufungwe jioni, maana fazi inayokatika inakulazimisha kuanza upya. Kipokezi kiwashiwe GPS, Galileo, GLONASS na BeiDou kwa pamoja, ili wimbi moja likivurugwa mengine yabaki. Ujumbe wa dharura uandikwe mfupi na kurudiwa hadi upokewe, na kupokewa kwake kuthibitishwe kwa maneno. Tarehe 4 Machi 2002, kwenye mapigano ya Takur Ghar huko Afghanistan, ujumbe wa redio ya setilaiti wa kuionya helikopta ya Wamarekani haukufika. Uchunguzi wa maabara ya Johns Hopkins uliotoka mwaka 2014 ulionyesha kwamba viputo huenda vilichangia. Watu walikufa mlimani pale, na mwezi ulikuwa Machi.

Hatua ya 9: Pima utabiri wako

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na bila hiyo kazi yote ni ramli. Tengeneza daftari lenye tarehe, asilimia uliyotabiri, F10.7, Kp, saa dhoruba ilipoanza kama ilikuwepo, na jibu moja: kumetameta kulitokea au la. Amua mapema maana ya "kulitokea". Kwa mfano, setilaiti iliyo juu ya nyuzi 30 ikipoteza dB-Hz 10 mara kwa mara kwa dakika 10. Usiibadilishe maana hiyo katikati ya msimu.

Kila asubuhi chukua asilimia yako kwa desimali, toa 1 kama ilitokea au 0 kama haikutokea, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Ulisema 0.7 na ikatokea: 0.09. Ulisema 0.7 na haikutokea: 0.49. Wastani wa mwezi ukizidi 0.25, mtu anayesema 0.5 kila siku bila kufikiri angekushinda.

Usikate tamaa wastani ukigoma kushuka. Kwa nini Jumanne ina viputo na Jumatano haina, hali F10.7 na Kp ni zilezile, ni swali ambalo wanasayansi wanahangaika nalo hadi leo. Vimawimbi vinavyopanda kutoka kwenye mawingu ya radi vinashukiwa. Faida yako ni usiku mwingi wa sehemu moja, kitu ambacho modeli za dunia nzima hazina kwa Pwani yetu. Msimu mmoja ukiisha, tazama siku zote ulizosema asilimia 70: kama zilizotokea ni nusu tu, sahihisha hatua ya 3 iandike 50. Fanya hivyo upya kila mwaka, kwa sababu Jua linaposhuka kutoka kileleni, asilimia za mwaka wa jana huwa kubwa mno kwa mwaka huu, na Dar es Salaam hutulia mapema kuliko Lamu.